Njia za Mlango wa Nyuma

Majirani zangu wa kijiji kidogo cha Saulgoži huamua kila jambo kwa pamoja. Wanakaa duara, kila mtu anasema lake, kisha wananyoosha mikono. Mmoja akikataa kunyoosha wake, jambo limekwama. Mbwa wao hana jina hadi leo. Wamemjadili tangu viazi vilipochanua, na bado wanamwita Mbwa, naye anaitika vizuri tu.

Ninawatania, lakini ninawapenda. Kabla hawajaja, upande huu wa msitu ulitoka moshi wa nyumba moja peke yake, yangu. Wao walikuja kutoka Riga, wakachukua shamba lililoachwa, wakajenga vijumba vya udongo na majani makavu, wakaapa kuishi kwa jua na kuni. Jua letu la Desemba linachungulia kidogo tu juu ya misonobari, kama mtu aliyesahau kitu, kisha linarudi zake. Wao hulishukuru hata kwa hilo.

Masharti yao ni mengi. Hawali nyama. Hawana televisheni. Hawanywi kahawa, kwa kuwa inasafirishwa kutoka mbali. Wanakaanga mbegu za mwaloni, wanazisaga, wanakunywa, na kusema ni tamu huku wakitazama pembeni. Na mgeni anayetaka kuwa mmoja wao sharti alale kila usiku katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, iwe joto au baridi, hadi sikukuu ya Desemba ya kuchoma gogo, ndipo duara limpokee.

Mgeni wa mwaka huu alikuwa Madara, na binti yake Ance, ambaye hajaanza shule. Madara alijenga kwa bidii, lakini mvua za vuli ziliwahi na ukuta wake haukukauka. Baridi ilipoingia, ukuta ukawa unatoka jasho kama farasi aliyetoka shambani. Ance akaanza kukohoa. Jioni moja nikasikia mlango wangu wa nyuma unagongwa polepole.

"Bibi Velta, naomba alale kwako. Leo tu."

"Leo tu," nikasema, nikawatandikia wote wawili juu ya jiko la matofali, ambalo huku hulaliwa, pale penye joto.

Hiyo leo tu ikaendelea hadi sikukuu. Walikuja giza likiingia na kuondoka kabla hakujapambazuka. Kila mara Madara aliacha birika langu limejazwa maji na blanketi limekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba mlango wangu wa nyuma una wageni wengi. Asubuhi, baada ya kukamua mbuzi, anakuja Dagnija. Yeye ndiye mkali wa masharti. Sura yake tu inatosha kumfanya mtu arudishe kijiko mezani. Anakuja kula nyama ya nguruwe ya moshi, vipande viwili vya kukaanga, amesimama, kisha anaosha kikaango mwenyewe na kuniachia kopo la kabichi chachu. Mchana anakuja Tālis, fundi seremala, mrefu hadi anainama kwenye kila mlango, hata wake. Yeye hunipasulia kuni kwanza, ndipo anakaa na kikombe cha kahawa halisi, amefumba macho kama yuko kanisani. Jumapili ni zamu ya Reinis, aliyeanzisha kijiji chenyewe, kutazama marudio ya mechi ya hoki. Anashangilia kwa kunong'ona. Wakati wa matangazo ananifagilia bomba la moshi.

Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Na kila theluji ilipoanguka, mimi nilitoka na ufagio nikafuta nyayo zote za nyuma. Siri za watu si zangu kuzitembeza.

Jioni ya kuamkia sikukuu, Madara alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu bila kuvua koti.

"Kesho tukishachoma gogo, duara linaniamua," akasema. "Nitawaambia kwamba silali kwangu."

"Wakikukatalia?"

"Chumba cha Riga nilisharudisha. Sina pengine, bibi."

"Basi nyamaza, mama Ance. Ukuta utakauka kabla ya Pasaka."

"Nitawezaje kukaa nao maisha yote na uongo? Wengine wote wanalala kwenye baridi yao na hawalalamiki. Dagnija hajawahi kuvunja sharti hata moja."

Niligeukia jiko nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilikuwa nalo jibu, tena nilikuwa na harufu yake, maana kikaango alichokitumia Dagnija kilikuwa bado kinaning'inia ukutani. Lakini halikuwa langu.

Theluji ilianguka usiku. Asubuhi, nayo ilikuwa Jumapili, nikachukua ufagio, nikafika kizingitini, nikafikiri. Kisha nikauegemeza ukutani, nikaziacha nyayo zote za siku hiyo, nikarudi kupika njegere.

Siku ya mwaka yenye mchana mfupi kuliko zote, sisi huku tunavuta gogo. Linafungwa kamba, linazungushwa kila nyumba, na kila mtu analipiga kwa fimbo na kuliambia taabu zake za mwaka; mwisho linachomwa pamoja nazo zote. Watu wa Saulgoži walikuwa wamelijadili sana. Reinis aliogopa moshi. Dagnija alishauri wasilichome, walifukie lioze liwe mbolea. Nikawauliza kama kweli wanataka kupanda taabu zao na kuzimwagilia. Duara likakubali kuchoma.

Jua likiwa linazama, wakaja kwangu wakiimba, taa mikononi, wengine wamejivika sura za wanyama kama ilivyo desturi. Tālis alijivika ndege korongo, na hakuhitaji kujivika sana. Reinis alikuwa dubu. Dubu wetu wa zamani ni wa ngozi ya kondoo iliyogeuzwa, lakini ngozi nayo wameikataa, kwa hiyo alikuwa dubu wa nyasi kavu, na mbuzi mmoja alimfuata njia nzima akimla mgongo.

Wakataka kulivutia gogo mlangoni pa mbele tu, kama mwaka jana, nyuma palipokuwa na tope.

"Lizunguke nyumba," nikasema. "Taabu hujificha nyuma."

Madara akanitazama. Nikamshika Ance mkono, tukatangulia.

Nyuma ya nyumba, wimbo ukafa wenyewe. Theluji ilikuwa nyeupe kote, na juu yake njia nyembamba zilizokanyagwa zilitoka kila kijumba cha Saulgoži, zikapita uwanjani, zikakutana kwenye ngazi yangu kama watu wanaopanga foleni ya mkate.

"Hii ndogo ni yangu na mama," akasema Ance, akiionyesha. "Tunalala kwa bibi. Kuna joto."

Madara akalipiga gogo kwa fimbo, mara moja. "Ni kweli," akasema. "Sijalala kwangu tangu baridi ianze. Ance alikohoa. Nilitaka kuwaambia leo. Mkinikatalia, nitaelewa."

Wote walikuwa wanatazama chini.

"Na hii yenye buti kubwa?" akauliza Tālis mwishowe.

"Labda ni dubu," akasema Reinis.

"Dubu gani anavaa buti?" akasema Tālis.

"Na korongo je? Nyayo hizi hatua moja ni kama zangu tatu," akajibu Reinis.

Tālis akavua mdomo wake wa kadibodi. "Kahawa," akaliambia gogo, akalipiga.

"Hoki," akasema dubu, naye akalipiga, nyasi zikamwagika. "Nilikuwa naenda kupumzisha akili."

"Pole na akili," akasema Tālis.

Dagnija alikuwa amesimama wima. Lakini Mbwa alikuwa ameingiza pua yote kwenye mfuko wa aproni yake na kutikisa mkia. Alimsukuma, Mbwa akarudi. Alimsukuma tena.

"Dada Dagnija," akasema Reinis kwa upole, "mfukoni kuna kabichi?"

Dagnija akashusha pumzi, akatoa kipande cha nyama kilichofungwa kwenye karatasi, akampa Mbwa. Kisha akamgeukia Madara, na Madara akamkumbatia Ance, maana mkono aliouogopa kuliko yote ulikuwa huo.

"Mtoto anakohoa, na wewe unakaa kimya," akasema Dagnija. "Jiko langu lina nafasi. Hukuweza kugonga kwangu?"

"Nilikuogopa."

Hilo lilimchoma, niliona. Akavua glovu yake, akanyoosha mkono juu kabisa, mtupu kwenye baridi ile.

"Duara bado halijakaa," akasema Tālis.

"Limesimama. Nyoosha mkono, korongo."

Wakanyoosha wote. Hata Ance alinyoosha, naye hakuulizwa. Sijawahi kuwaona wakiamua jambo haraka hivyo.

Gogo likawaka vizuri. Kisha tukala njegere, na njegere za sikukuu huku huliwa mpaka ya mwisho, maana kila inayobaki ni chozi la mwaka unaokuja. Nilipika vyungu viwili, cha nyama na kisicho na nyama. Cha nyama kiliisha kwanza. Kile kingine tulikimaliza kwa bidii, kwa ajili ya machozi.

Asubuhi nikakuta wametengeneza njia pana, iliyopigwa koleo vizuri, kutoka Saulgoži hadi mlango wangu wa mbele, na mchanga wamemwaga nisiteleze. Madara alikwishahamia kwa Dagnija hadi ukuta ukauke. Nikakaa dirishani siku nzima, nikiifurahia njia yangu.

Jioni nilipokwenda kumwaga majivu, nikaona nyayo nyuma ya nyumba. Buti kubwa, za kwenda na kurudi, na vipande vya nyasi kavu kando yake. Haikuwa hata Jumapili.

Nikachukua ufagio.