Isilale

Kwanza tuelewane: mimi ni Mkamba, na hakuna mzigo chini ya jua ambao Mkamba na kamba wameshindwa kuufunga. Nimefunga vitanda, makochi, hata jogoo mmoja mkorofi wa shangazi, na hakuna kilichowahi kuniponyoka. Kama una shaka, endelea kusoma.

Mwaka wa tisini na saba Mjomba Mutisya alipewa baiskeli ya stima. Mjomba ni mchonga vinyago, karakana yao iko Shauri Moyo, na mguu wake wa kushoto uliharibiwa na polio akiwa mtoto. Kutoka kwetu Mathare North asubuhi, makanga wa matatu hawana subira na mtu anayepanda gari kwa awamu, kwa hivyo mara nyingi alitembea. Mwenyekiti wa karakana, bwana mwenye huruma kama ya msumari, alikuwa ametangaza kwamba atakayechelewa mara tatu benchi lake litapewa mwingine. Mjomba alishachelewa mara mbili.

Ndipo Mungu akamkumbuka kupitia Mhandisi Gichuru wa Donholm, ambaye Mjomba alimchongea mlango. Mhandisi alikuwa amesoma Japani na kurudi na baiskeli inayojiendesha kwa betri, pedali ni za kupumzishia miguu tu. Sasa alikuwa anahamia Kisumu, akasema baiskeli ni ya Mutisya. Jumatatu Mjomba angefika kazini kabla ya mwenyekiti hajapiga mswaki.

Jumamosi nikatumwa. Ujumbe ulikuwa mmoja: nenda uione, ushukuru, useme pikapu ya karakana itaifuata kesho baada ya kanisa. Jirani yetu Wamalwa, Baba Mitchelle, wa kiwanda cha sabuni, alikuwa anampeleka mkewe mazoezi ya kwaya upande huohuo, wakanibeba. Walipomaliza walinipitia kwa mhandisi.

Mhandisi alishaondoka. Nyumba ilikuwa tupu, amebaki Nahashon, mlinzi, na baiskeli imeegemea ukuta. Nikajaribu kuiinua. Nikajifanya nilikuwa naigusa tu. Ilikuwa na uzito wa nusu gunia la mahindi, na karibu wote ulikuwa kwenye sanduku jeusi chini ya kiti. Juu ya sanduku palibandikwa kipande cha katoni, kimeandikwa kwa herufi kubwa: ISILALE.

Mimi Kiswahili nilipata B kwenye mtihani wa kidato cha nne, nusura A, mwalimu ni shahidi. Nikawafafanulia wenzangu bila malipo. Mwenye nyumba anahama, wapangaji wapya wanaingia, kwa hivyo mzigo usilale hapa. Ni agizo, iondoke leo. Tukingoja pikapu ya kesho tutakuta mtu ameifanya ya kwake. Hakuna aliyenipinga.

Ikabaki kuibeba. Mhandisi alikuwa ameacha gazeti la Kijapani lenye picha ya baiskeli zimening'inia nyuma ya gari, juu ya kile chuma cha kuvutia trela. Datsun ya Wamalwa nyuma ilikuwa na namba ya gari na waya wa kuishikilia namba ya gari. Tukajaribu buti. Gurudumu la mbele likaingia, sehemu nyingine zote zikakataa, kama mbuzi anayejua anapelekwa wapi. Mwishowe nikatangaza keria ya juu. Tuliipandisha watu watatu, Nahashon akiwemo, kila mmoja akimlaumu mwenzake kimoyomoyo, Nahashon akaenda kutufungulia geti, sisi tukailaza kwa ubavu juu ya blanketi la Wamalwa. Nikaifunga kwa kamba ya katani, mafundo saba. Mama Mitchelle akaketi nyuma, mkono nje ya dirisha, ameshika ncha ya kamba kwa usalama zaidi. Kazi safi.

Outer Ring palikuwa na wachimba barabara, magari yakatambaa. Tulipofika Mutindwa Mama Mitchelle akasema kuna mvua. Nikatazama juu: jua kali, wingu hata la kuazima halipo. Nikamwambia hiyo ni manyunyu. Akasema manyunyu hayo yanawasha. Nikamwambia manyunyu ya Eastlands ni hivyo, moshi wa viwanda. Baada ya nusu saa nyingine akauliza kama manyunyu hutoboa nguo, akanionyesha mkono wa sare ya kwaya. Ulikuwa kama chujio la chai.

Wamalwa akatoa kichwa dirishani kutazama paa la gari lake. Rangi ya bluu ilikuwa inavimba na kububujika kama uji. Huyo ni mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka kumi na minne. Akasema neno moja tu, taratibu kabisa: "Asidi."

Hapo ndipo nilipojua sanduku jeusi lilikuwa na betri ya maji, ndugu wa ile ya gari, ambayo hata kuku anajua haigeuzwi ubavu. Nilitaka kusema tusimame, lakini kamba ilitangulia. Katani iliyolowa asidi saa nzima haijali kabila la aliyeifunga. Kwenye mzunguko wa Kariobangi ikakatika, baiskeli ikateleza, ikatua kwenye lami kwa mlio ambao bado nausikia. Sanduku likapasuka, na kilichokuwa kimebaki ndani kikamwagika mtaroni.

Mama Mitchelle akashuka, akaosha mkono kwa maji ya mwuza samaki, akasema anaingia sokoni kununua omena, atakuja kwa miguu yake. Sisi tukaingiza vipande vilivyotaka kuingia, vingine tukavishika mikononi mpaka nyumbani.

Wamalwa akabaki nje anamwagia gari lake maji. Nikaingia peke yangu. Mjomba alikuwa ameketi kitandani, kiatu cha mguu mbaya amekipaka rangi tayari kwa Jumatatu. Aliposikia akauliza kama mhandisi hakuacha maagizo. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema mlinzi Nahashon ndiye wa kulaumiwa, alituona tukiilaza akanyamaza kama gogo, watu wengine bwana. Mjomba akavuta fimbo yake. Akasema kesho atatembea mpaka Donholm, amwone huyo Nahashon kwa macho yake, amwandikie na mhandisi barua, maana mtu huyo amemkatia miguu yote miwili.

"Nahashon yupi?"

Ni Mama Mitchelle, mlangoni, na omena zake kwenye gazeti.

"Mlinzi," Mjomba akasema. "Aliyenyamaza."

Akaweka omena mezani. "Alinyamaza wapi, Baba? Mimi nilimuuliza kijana wako, ile ISILALE ya sandukuni ni kulala usiku ama kulala ubavu? Akaniambia sisi tulioishia darasa la saba tuimbe kwaya tu. Na Nahashon alitukimbilia nyuma mpaka lami, anapiga kelele, 'Isimame! Isimame!'"

Mjomba akanigeukia. Nikatazama omena.

"Baba Mitchelle alikuwa tayari kwenye breki," akamalizia. "Huyu akamwambia akanyage mafuta, mlinzi anataka gari isimame apewe chai."