Nukta Iliyokaa Sufuri

Baba yangu alistaafu usimamizi wa ghala, lakini ghala halikumtoka. Alipomaliza kuhesabu masufuria ya nyumbani, akahamia kwenye banda la kuku wa mama.

"Wewe si unajua kuandika programu?" aliniambia. "Nichoree grafu. Nataka kuona nani anataga na nani anakula bure."

Nikamchorea. Kila kuku nukta moja, na mayai yake ya mwezi ndiyo yaliyoipandisha au kuishusha. Ukipeleka kishale cha kipanya juu ya nukta, kisanduku kidogo kinajitokeza na maelezo. Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mfululizo 0. x: 7. y: 18.000." Akanitolea macho. "Yai nukta sufuri sufuri sufuri ndiyo yai gani? Na huyu x ni nani humu ndani?"

Nilinuna, maana kwa grafu nzuri namna ile nilitegemea walau ahsante. Lakini alisema kweli. Nikarekebisha kisanduku kisomeke kama watu wanavyosema: kuku namba 7, mayai 18. Hapo ndipo nilipomponza Mwalimu wa Zamu.

Mwalimu wa Zamu ni jina ambalo mama alimpa kuku mmoja mzee wa kijivu, kwa jinsi anavyotembea akikagua wenzake. Nukta yake ilikaa chini kabisa. "Namba 12, mayai 0," baba akasoma. "Huyu Jumamosi sufuriani."

Mama hakubisha. Alikwenda jikoni akaanza kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Nilipomfuata nikamkuta analia. Roho iliniuma, maana kisu cha kumchinjia kuku wake ni kama nilikuwa nimekinoa mimi.

"Kile kisanduku," akasema bila kugeuka, "maneno yake si unaweka wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi keti. Mimi nataja, wewe andika."

Nikaongeza safu mpya kwenye data na kuiunganisha na kisanduku. Mama akataja kuku mmoja mmoja bila upendeleo, hata wale asiowapenda.

Jumamosi asubuhi, kisu kikiwa mezani, baba alifungua grafu ili ahakikishe namba ya pete ya mguuni. Kishale kikatua kwenye nukta ya chini.

"Mwalimu wa Zamu. Mayai: 0. Amelea vifaranga wa wenzake wote. Mwewe akipita, yeye hupiga kelele kabla mbwa hajaamka."

Baba akapandisha kishale hadi nukta ya juu kabisa. "Malkia. Mayai: 24. Huwadonoa wadogo. Hana adabu hata kidogo." Akacheka mpaka miwani ikamponyoka. Akazipitia nukta zote, na alipofika mwisho hakuwa anacheka tena.

"Na mimi?" akauliza polepole. "Tangu nirudi nyumbani sitagi chochote. Mngeniandika nini?"

Mama ndiye aliyeinuka, akachukua kisu, akakirudisha kwenye droo.

"Mwekee nukta," akaniambia. "Sufuri, pale pale karibu na Mwalimu."

Siku hizi mgeni akija huketishwa mbele ya kompyuta kabla hata ya kupewa maji. Baba mwenyewe hupeleka kishale, husogea kando na kumsubiri asome maneno aliyoyataja mama:

"Mstaafu. Mayai: 0. Huniamsha kwa chai. Haendi popote."