Mkono Nilioinua kwa Shamba la Walburga

"Mama Dastan, mtu akinyosha mkono huku moyo wake unakataa, hiyo kura ni ya nani?"

Jirani yangu Walburga aliniuliza hivyo tukiwa tunachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kushika maji ya mlimani. Nikaendelea kupiga jembe kama sikusikia. Ilikuwa siku ya tatu tangu mkutano mkuu wa kijiji uchukue shamba lake.

Walburga ni Mnyasa wa Liuli, ziwani. Aliolewa huku kwetu, upande wa Maguu, katika ukoo uleule ulionioa mimi. Mume wangu alifariki, Mungu amrehemu. Wa kwake alikwenda kwenye makaa ya mawe Ngaka, akapata mwanamke mwingine huko, hakurudi. Alichomwachia ni shamba la bondeni kando ya kijito, na hana jingine. Kijiji kikataka palepale pajengwe mtambo wa kuosha kahawa, yeye apewe kipande cha juu kwenye mawe.

Siku moja kabla ya mkutano, shemeji yangu Raimundi, mkubwa wa ukoo, aliita sengu, baraza la ukoo. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kila siku, na mambo yao waliyamaliza palepale kwenye ugali. Siku hizi sengu ni mpaka kuwe na jambo. Mimi ndiye niliyepika. Walipokuwa wananawa mikono, neno lilikuwa limekwisha: shamba litoke. Nami tangu niolewe nilishika kwamba neno la sengu halipingwi nje. Kwa hiyo mwenyekiti aliposema wanaokubali wanyoshe mikono, nilinyosha. Nilikuwa nimekaa nyuma. Walburga alikaa mstari wa mbele, hakugeuka hata mara moja. Waliokubali walikuwa mia moja arobaini na tatu, waliokataa hamsini na nane.

Wiki ile ndiyo alikuja Dokta Eunice kutoka chuo kikuu. Watu walisikia "dokta" wakaja na magoti yao.

"Mimi si wa dawa," akawaambia. "Ninachunguza namna watu wanavyopiga kura."

"Basi huyu dokta gani, hana hata kipimo cha presha!" mzee Tobias akasema, tukacheka.

Alifikia kwangu kwa sababu nina chumba. Ni binti wa adabu, kila asubuhi shikamoo, na Jumapili tulikwenda misa pamoja. Alisema nchi nyingi watu huchagua viongozi, viongozi ndio waamue. Lakini kijiji chetu kinaamua chenyewe, kila mtu na mkono wake, na hilo ndilo lililomtoa mbali.

"Mama, wewe ulinyosha kwa nini?"

"Andika kwamba wote walinyosha."

"Si wote, mama. Hamsini na nane walikataa."

"Basi andika kwamba sikuwa kati ya hao."

Akacheka, lakini hakuandika kitu.

Baadaye alipita nyumba kwa nyumba na boksi la sabuni alilolitoboa juu. Aliwapa watu walewale wa mkutanoni karatasi zisizo na majina, swali ni lilelile: shamba litolewe au libaki? Mimi niliweka alama kwenye "libaki", nikaikunja mara nne. Alipohesabu mbele ya serikali ya kijiji, karatasi mia moja na kumi na tisa zilisema libaki, themanini na mbili zilisema litolewe. Mwenyekiti alikohoa.

"Hizi ni za masomo," Dokta akasema. "Hazina nguvu ya kubadili kitu. Mwenye nguvu ni mkutano wenu."

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alitangaza kwamba mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa, hata mtu mmoja akisimama kupinga, kura itarudiwa, na safari hiyo kwa karatasi. Mmoja tu.

Siku mbili kabla ya mkutano huo, Walburga aliitwa Liuli, mama yake yuko mahututi. Alipita kwangu na mzigo kichwani.

"Mama Dastan, mimi sitakuwepo. Utanisemea?"

Nilitakiwa kusema ndiyo, au hapana. Nikasema, "Nenda salama. Mungu yupo."

Akanishukuru! Alilichukua neno lile kama ahadi, na mimi nilimwona akilichukua, nikamwacha aende nalo.

Mkutano ukafika. Muhtasari ukasomwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja, akangoja. Aliuliza tena. Niliona watu wanavyotazama viatu vyao, na Dokta Eunice pembeni, kalamu imesimama. Rozari ilikuwa mkononi, nami nilikuwa naipitisha punje kwa punje ili nionekane nina kazi. Hakuna aliyesimama. Muhtasari ukathibitishwa.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Raimundi, "Shemeji, neno la sengu nimelishika."

Akasimama njiani. "Neno lipi?"

"La shamba. Nilipika mimi."

"Ah, shemeji!" Akacheka mpaka akafuta macho. "Sengu inamfunga aliyekula. Ninyi mlipika tu. Nani aliwahi kumfunga mpishi? Ungesimama ningenuna wiki moja, basi."

Miaka thelathini na moja niko katika ukoo ule, na sikuwahi kuuliza.

Dokta aliondoka kesho yake. Aliniaga vizuri, hakunilaumu, nami ningependa angenilaumu.

Walburga alirudi baada ya kumzika mama yake. Alinikuta jikoni nachambua maharage. Nilimpa pole, nikampa kigoda, akakaa.

"Nimekuta wanapima bondeni," akasema. "Wameshapigilia vigingi. Kwa hiyo ulisema, wakakushinda?"

Ningeweza kusema ndiyo. Aliyenipa njia ni yeye mwenyewe.

"Sikusema."

"Uliumwa?"

"Nilikuwepo. Nilinyamaza."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa bado yamevimba kwa msiba.

"Na ule mkutano wa kwanza? Wewe hukunyosha. Najua hukunyosha."

"Nilinyosha, Walburga. Kwenye karatasi nilikataa, lakini mkono niliunyosha. Nisamehe. Nilidhani sengu..."

Alisimama, akafunga vizuri kitenge chake, akainama mlangoni na kutoka. Nilimsikia akipita kwenye migomba, halafu sikumsikia tena.