Sakafu Iliyofuata Ubao

Jumatatu, baada ya mapumziko ya chai, mwalimu wa hisabati aliingia darasani na rula ya mbao kwapani, akafuta ramani iliyoachwa ubaoni na mwalimu wa jiografia, akachora mstari mlalo na mstari wima. Aliweka nukta moja moja, kisha akaziunganisha kwa mkono, bila haraka, mpaka likatokea umbo kama bakuli: grafu ya x kipeo cha pili. Alipoinua chaki, sakafu ya darasa ikajipinda kuufuata mchoro. Upande wa madirishani ukainuka, upande wa mlangoni ukainuka, na safu ya katikati ikabaki pale pale ilipokuwa. Madawati ya pembeni yakaanza kuteleza.

"Mwalimu, sakafu imepanda," alisema kiranja, akiwa ameng'ang'ania fremu ya dirisha.

"Naona. Kila mtu ashike dawati lake. Silabasi imetuacha mbali."

Akaendelea kufundisha. Kalamu, vifutio na chungwa la mtu viliviringika mpaka katikati, vikatua miguuni mwa msichana aliyeitwa Ngongoti. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya urefu wa miguu yake, na alikuwa amelizoea kuliko lile la kwenye daftari la mahudhurio. Alikaa safu ya katikati kwa sababu mwalimu aliwapanga hivyo: wanaoelewa dirishani kwenye mwanga, wazito katikati, awaone vizuri. Ngongoti aliokota vitu vya watu, akawarushia wenyewe huko juu walikokuwa. Kengele ilipolia mwalimu akafuta ubao, sakafu ikanyooka, na wote wakaenda kwenye kipindi cha kilimo.

Ikawa ndiyo hali ya darasa lile. Ukichorwa mstari ulionyooka, darasa zima liliinama upande mmoja na wanafunzi wakaandika huku wameegemeana mabega. Siku ya moja gawanya kwa x, wasichana wawili wa katikati waliokuwa wakikaa viwiko vikigusana walitengana ghafla: mmoja akapandishwa hadi kwenye kenchi za paa, mwingine akashushwa kwenye shimo lisiloonekana mwisho, na ilibidi afutiwe ubao haraka ndipo arudi kumalizia sentensi yake. Fundi wa shule alikuja na nyundo, akagonga saruji, akasema haina ufa wowote na kwamba yeye kazi yake ni nyufa. Wanafunzi wakaanza kuvaa viatu vya soli ya mpira.

Mwalimu ndiye aliyepata tabu, lakini si ya sakafu. Tabu yake ilikuwa Ngongoti.

Kwa muda wote aliomfundisha, Ngongoti hakuwahi kupata alama ya kumtoa kimasomaso. Mwaka wa kwanza aliwahi kunyoosha kidole, akauliza, "Mwalimu, fanksheni yenyewe ni nini hasa?" Mwalimu, aliyekuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha na kichwa kinachomgonga, akamjibu, "Ni hiyo iliyoko ubaoni. Nakili." Darasa likacheka. Ngongoti akanakili, na hakuuliza tena.

Sasa alikuwa akitembea juu ya kile alichouliza. Asubuhi moja mwalimu alichora grafu mpya kabla wanafunzi hawajaingia. Ngongoti aliingia wa kwanza, macho yake yakiwa kwenye sweta alilokuwa akilivua kichwani, bila kutazama ubao. Alishuka hadi dawatini kwake, akasimama.

"Leo nimeshuka zaidi," alisema. "Ni lile bakuli la juzi, ila limetolewa kitu."

"Limetolewa nini?"

Ngongoti alipanda upande wa dirishani mpaka akafika usawa wa kizingiti cha mlango, pale sakafu ilipokuwa kabla ya mchoro, akapima kwa macho umbali wa kutoka katikati, akarudi, akapanda upande wa pili. "Huku mbili, kule mbili. Mbili mara mbili nne. Ni x kipeo cha pili kutoa nne." Akakaa. Kisha akasema kitu ambacho mwalimu alikuja kukikumbuka kila alipoosha mikono chaki: "Hapa chini kabisa, Mwalimu, mguu haujui kama unapanda au unashuka. Nadhani ndiyo maana vitu vyote hutulia hapa. Yaani x akiniambia alipo, mimi namwambia yuko juu kiasi gani. Kila alipo, jibu ni moja tu. Ndiyo fanksheni, sivyo?"

"Ndiyo," alisema mwalimu. Akageuka kuandika tarehe ubaoni.

Alikikumbuka kikao. Mwanzoni mwa muhula, mkuu wa shule aliwakusanya walimu, akasema wastani wa shule unaburutwa na wachache, na kwamba hao wachache waambiwe wakajiandikishe mtihani wenyewe, huko nje, kwa jina lao na si la shule. Kila mwalimu akataja wake. Mwalimu wa hisabati alimtaja Ngongoti bila hata kufikiri, kama mtu anayetaja chumvi sokoni. Chakula cha mchana kilikuwa kinapoa. Ngongoti akaambiwa, akasema sawa, hakujiandikisha kokote, akaendelea kuja shule kwa sababu hakuna aliyemwambia asije.

Baada ya kipindi kile, mwalimu alipiga moyo konde akaenda ofisini.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa imeinama tangu zamani. Ukutani palibandikwa grafu ya ufaulu wa shule, mstari uliopanda mwaka hadi mwaka, na sakafu iliufuata. Mlango ulikuwa upande wa chini, meza ya mkuu upande wa juu, imefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha isiteleze. Wageni walipanda wakishika kabati. Wazazi wenye malalamiko marefu walichoka katikati ya njia, wakayasema kwa ufupi.

"Mkuu, Ngongoti ameelewa," alisema mwalimu alipofika kwenye kabati.

"Ameelewa nini?"

"Grafu. Fanksheni. Anazieleza kuliko ninavyozieleza mimi. Naomba arudishwe kwenye mtihani."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Ameelewa kwa miguu, Mwalimu. Ukumbi wa mtihani una sakafu bapa."

"Nitamsaidia aelewe na kwenye karatasi."

"Majina yamekwishakwenda. Na jina lake sikulitoa mimi, ulilitoa wewe." Alionyesha ukutani kwa mkono ulioshika miwani. "Unafikiri ule mstari umepandaje? Walimu gani wapya nimeletewa? Maabara gani? Ni hivi hivi, kila mwaka tunapunguza mizigo."

Mwalimu aliutazama ule mstari. Alikuwa ameuona mara nyingi na kila mara aliusifia. Sasa aliona kila nukta ilikuwa na watoto walioondolewa ili iweze kukaa pale, na wengine aliwafundisha, na majina yao hayamjii. Mguu ukamteleza. Akajishika kwenye kabati, akashuka kinyumenyume hadi mlangoni.

Mwisho wa juma alikwenda kwa mama yake Ngongoti, fundi cherehani aliyekuwa na chumba kimoja cha kazi nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Mama alimfutia stuli vumbi kwa kipande cha kitambaa, akamkalisha.

"Mwalimu, huyu mtoto umemfanya nini?" alisema akicheka. "Hakuna kinacholala humu ndani bila kupewa hesabu. Kitanda chetu kimebonyea, eti ni x sijui kipeo. Nikikata shingo ya gauni ananiambia hapo mama umezidisha. Na kweli, nikitazama, nimezidisha."

"Ana akili, mama."

"Basi asante. Nilishakata tamaa, nakwambia ukweli. Nilidhani kichwa chake ni kama changu. Hata kama mtihani hafanyi, walau mmoja amemwona."

Mwalimu alikuwa amekuja kusema kitu, na alikuwa amekipanga njia nzima. Aliinamisha kichwa. "Mama, aliyelitaja jina lake kwenye kikao ni mimi."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Nje mtu alikuwa akijaribisha redio, akaizima, akaiwasha.

"Ulikuwa umemsikiliza kabla ya hapo?" aliuliza mama.

"Hapana."

"Ningekuelewa kama ungemsikiliza kwanza." Akaukata uzi kwa meno, akarudia kushona, na hakumkaribisha chai.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi uliosafishwa vizuri, na swali la grafu lilikuwamo: bakuli lililotolewa kitu, mtahiniwa aseme kimetolewa nini. Wanafunzi wa dirishani walilijibu kwa kanuni waliyokariri. Matokeo yalipotoka mkuu aliongeza nukta nyingine kwenye mstari wake, ofisi ikasimama zaidi, na fundi wa shule akaitwa ajenge ngazi ndogo yenye kishikio. Wageni wa wilayani walipokuja waliisifia ngazi.

Mwalimu alikuja kumwona Ngongoti mara moja tena. Alimkuta peke yake kwenye chumba cha kushonea, ameinama juu ya meza, pini zimebanwa midomoni. Alizitoa, akamwamkia kwa adabu, akampa stuli ile ile.

"Mwakani unaweza kujiandikisha," alisema mwalimu. "Nitakuja jioni, tusome. Sitaki malipo."

"Mama anasema macho yake hayaoni tena tundu la sindano," alisema Ngongoti. "Usiku na asubuhi, nguo zote nashona mimi."

"Basi hata Jumapili."

Ngongoti alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama aliyekuwa anapima kutoka katikati hadi kizingitini. "Ile iliyotenganisha wale wawili," alisema, "moja gawanya kwa x. Yule aliyekwenda juu, angeachwa tu bila kufutiwa ubao, wangekuja kukutana na mwenzake?"

"Hapana."

"Hata mbele ya safari?"

"Wangeikaribia sakafu wote, mmoja kwa juu, mwingine kwa chini. Lakini kila mmoja upande wake. Hawakutani."

"Nilidhani hivyo," alisema Ngongoti. Alionekana kuridhika, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha maua mkononi na mtoto mgongoni. Ngongoti alimkaribisha, akatafuta kwa macho mahali pa kumkalisha.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Naomba nafasi, mteja akae."

Mwalimu alisimama. Mwanamke akakaa, akamshusha mtoto, akaanza kueleza mikono anaitaka iwe mirefu kiasi gani, na Ngongoti akamsikiliza mpaka mwisho.