Mwenyeji wa Kirukia

Mlimau ulikuwa nyuma ya jiko la Masele, kijijini Zagayu, na siku hiyo ndiyo ulipaswa kukatwa. Bujiku, mwenyekiti wa kitongoji, alishasema: jua likigeuka anakuja na shoka. Kisa ni kirukia. Mmea ule usiokanyaga udongo ulikuwa umeudandia mlimau, ukaning'inia mafungu mafungu kama viota. Bwana shamba alipopita mwaka jana, hata kushuka kwenye pikipiki hakushuka, akaamuru mti mzima ukatwe usije ukaambukiza michungwa ya watu.

Masele hakutaka kusikia. Mlimau aliupanda marehemu mkewe, Nyanjige, na majani ya kirukia chake ndiyo aliyokuwa akichemsha na kunywa kwa ajili ya presha, maana zahanati kila alipokwenda aliambiwa dawa zimeagizwa. Mpaka anazikwa, zilikuwa bado zimeagizwa. Leo wakubwa hao hao waliokosa kidonge wamepata shoka.

Kwa hiyo gari liliposimama uani saa sita, akadhani ndio hao. Akashuka dada mmoja amebeba mkasi wa mpini mrefu, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba."

"Hiyo ni ya asubuhi," Masele akamjibu. "Kwenu huko ndio mnaamka?"

Dada akacheka, akajitambulisha kuwa ni Specioza, mtafiti wa chuo, amefikia Bariadi. Akaeleza kwamba anatafuta kirukia kilichoota kwenye miti mbalimbali, kwa sababu kinanyonya kwenye mti kilipokaa, na huenda dawa iliyomo ikatofautiana mti kwa mti. Nyanjige naye kile cha kwenye uzio wa minyaa alikuwa hakigusi, anataka cha mlimau tu, na Masele alikuwa akimtania kwamba anachagua majani kama mbuzi.

Specioza akakata kitawi, akakitia kwenye mfuko wa kaki, akatoa kalamu. Akauliza, "Mwenyeji wake ni nani?"

"Nyanjige."

Akaandika. Masele, ambaye kusoma kwake ni kwa kutambaa, akainama akafuata herufi moja moja: MWENYEJI: NYANJIGE.

"Mwanangu, mke wangu unampeleka wapi kwenye mfuko?"

Dada wa watu akaduwaa. Alidhani Nyanjige ni jina la mti kwa Kisukuma. Kwao watafiti, mwenyeji ni ule mti uliokaliwa. Masele akamwambia kwamba hapa mwenyeji ni mtu mwenye mji wake, na mwenye mti huu ndiye yule pale, akaonyesha kaburi kwa kidevu. Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Masele, na mwenyewe alishangaa, maana alikuwa hajacheka siku nyingi.

Hapo ndipo akamuuliza lile lililokuwa likimsumbua. "Haya majani yalimsaidia, au alikuwa anakunywa maji ya moto tu?"

"Sijui, baba. Ningekwambia ndiyo, ningekudanganya. Ndiyo maana nimekuja."

Masele akamtazama vizuri. Mtu wa ofisi anayesema hajui alikuwa hajawahi kumwona.

Bujiku akafika na shoka begani. Kuona gari akalainika kidogo, lakini akashikilia lake: ana michungwa minane, na kirukia kikiruka hakibishi hodi. Specioza akamwomba atazame juu kwanza. Kindege kimoja kidogo, chenye paji la uso la njano, kilikuwa kinameza tunda la kirukia. Baadaye kikasugua makalio kwenye tawi, kikaacha mbegu imeganda pale kwa ulimbo wake.

"Huyo ndiye mpandaji," Specioza akasema. "Na migunga yote ya mtoni imejaa kirukia. Ukate mlimau, yeye atatoka mtoni aje kwako vilevile."

"Sasa nikamkamate ndege?"

"Ukague michungwa yako, baba. Ukikiona kirukia kingali kidogo, kata tawi chini ya pale kilipoota. Na huku tukate hivyo hivyo, mti ubaki."

Bujiku akakuna kichwa, akauliza bwana shamba atamwambia nini. Masele akamjibu amwambie ashuke kwenye pikipiki.

Wakakubaliana. Masele akapanda mwenyewe, akakata kila tawi lililoshikwa, isipokuwa fungu moja la upande wa jiko, ambalo Specioza aliliomba kwa vipimo vya kiangazi. Mlimau ukabaki kama mtu aliyenyolewa vibaya, lakini umesimama.

Siku chache baadaye Masele akaja na kisu akwangue mbegu zilizoganda, maana fungu moja alilikubali, la pili hapana. Akaikuta moja imetoa kidole cha kijani, chembamba kama uzi. Kidole hakikuelekea jua. Kilikuwa kimejipinda kurudi kwenye gome, kama kinachopapasa mlango gizani. Masele akasogeza jicho. Akaweka kisu kwenye panda ya tawi, akavuta kigoda, akakaa. Lazima ataikwangua. Ila kwanza aone kidole kinaingilia wapi.