Chungu Kidogo cha Omagor

Nyumbani kwa Mama Akwii, nyuma ya maegesho ya matrela pale Malaba, ajono, pombe ya wimbi, hunywewa kutoka chungu kimoja. Wanaume hukaa wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, naye Mama Akwii hupita na birika akiongeza maji ya moto juu ya wimbi. Omagor alikuwa na nafasi yake pale, kati ya Emojong na ukuta, tangu alipooa. Aliipoteza kwa kusema ukweli.

Ojakol, mnywaji mwenzake, alimuuliza kwa nini siku hizi anaondoka mapema. Akajibu kwamba kila jioni anameza dawa za virusi vya UKIMWI, na hataki pombe imsahaulishe. Ili wasiogope, akaongeza kwamba haambukizi: amepimwa, na virusi havionekani tena kwenye damu.

"Kama havionekani," Ojakol akasema, "sisi tutajuaje viko wapi?"

Hakuna aliyemfukuza. Watu wa pale ni wastaarabu. Jumamosi iliyofuata alikuta kigoda chake nje, kando ya mlango, na chungu kidogo mbele yake.

"Ni heshima, mzee," Emojong alimweleza, huku akikohoa. "Mgonjwa anahitaji hewa safi."

"Na wewe, hicho kikohozi?"

"Aa, hili ni vumbi la matrela tu. Tangu Krismasi."

Basi Omagor akanywea nje. Birika lilianzia ndani, kwa hiyo maji yalimfikia yakiwa vuguvugu. Alisikia vicheko bila kujua wanacheka nini, na hilo lilimuuma kuliko ajono iliyopoa. Hata hivyo alirudi kila Jumamosi, akingoja mtu aseme, "Omagor, ingia."

Mvua zilipoanza, wale wa ndani walifunga dirisha. Emojong akakohoa, wenzake wakampigapiga mgongo, wakaendelea kunywa.

Halafu Emojong akatema damu. Hospitali ikasema ni kifua kikuu. Brendah, mhudumu wa afya ya jamii, akaja kwa Mama Akwii kutafuta kila aliyekaa na Emojong katika chumba kile.

"Na huyu je?" akauliza, akimtazama Omagor.

"Huyo hakai na sisi," Ojakol akasema haraka. "Tulimtoa nje."

"Kwa nini?"

Wakaangalia mirija yao.

"Tulikuwa tunamlinda," Ojakol akasema.

"Basi mlimlinda vizuri kweli," Brendah akasema. "Na huyu kliniki humchunguza kifua kila akienda kuchukua dawa. Nitaanza na nyinyi."

Walipimwa, wakapewa vidonge vya kuzuia ugonjwa. Jioni ile Ojakol alimfuata Omagor njiani.

"Ndugu yangu, wewe ni mzoefu. Hizi dawa mtu anamezaje bila kuonekana?"

"Anameza tu, na maji."

"Na watu wakiniona, watasema nini?"

"Watasema una ugonjwa wangu."

Ojakol hakucheka.

Baada ya miezi miwili Emojong alirudi, amekonda, mrija begani, akamkuta Omagor bado yuko nje mlangoni.

"Muuguzi amesema siambukizi tena," akatangaza. "Nimebakiza kumaliza dawa tu."

"Mungu ni mwema," wakamjibu kutoka ndani, na hakuna aliyesogea. Ojakol akachungulia mlangoni.

"Omagor, ingia, mzee. Kigoda cha Emojong kiko wazi. Wewe tumeshakuzoea. Emojong atakaa hapo kwako kwanza. Mgonjwa anahitaji hewa safi."

Emojong aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akakaa bila kubisha.

Omagor akaingia. Ndani kulikuwa na joto, na ile nafasi kando ya ukuta ilikuwa vile vile alivyoiacha. Wakampisha. Akainama, akakiinua kigoda cha Emojong, akatoka nacho. Akakiweka nje, akakikalia, akatumbukiza mrija wake katika chungu kidogo, kando ya ule wa Emojong.

"Usinikoholee," akamwambia.

"Nimeshasema siambukizi."

"Hata mimi niliwaambia hivyo."

Emojong akavuta ajono. Mama Akwii akatokea na birika likifuka mvuke, na siku hiyo akaanzia nje.

"Mama, huku maji yanapoa!" Ojakol akaita kutoka ndani.

"Ngojeni," Mama Akwii akasema, akiendelea kumimina.