Pipa Nililokataa Kulibomoa

Nati ya sita ilikuwa imekaza, nikaidondoshea mafuta kidogo nikangoja. Nilikuwa nalibomoa pipa langu mwenyewe, lile ninalopikia plastiki bila hewa kuingia, mvuke wake ukapita kwenye bomba refu lililolazwa ndani ya maji baridi na kutoka upande wa pili ukiwa mafuta. Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa miaka miwili, kwa kuharibu na kuandika nilichoharibu. Mara tatu pipa lilinipa mafuta ya rangi ya chai nyepesi, na injini ya mashine ya kusaga ya mtaani ikayanywa bila kukohoa. Mara ya nne, asubuhi ya siku hiyo, ulitoka moshi mkali uliowaliza majirani na kubabua majani ya maboga ya Mama Lusekelo, tunayepakana naye ukuta. Alichungulia akiwa ameziba mdomo kwa khanga. "Da' Atupele, unapika nini humo, pilipili au shetani?" Nyuma yake akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ambakisye, naye hakutania. "Mwanangu, kesho saa tatu watu wanakutana hapa kwako. Wakute pipa limebomolewa. Wakilikuta limesimama, watalibomoa wao." Nikachukua spana. Kwenye nati ya sita mikono ilikataa, nikaegemea ukuta penye kivuli, na usingizi wa mchana ukanichukua kabla sijaiweka spana chini.

Nikajiona natembea katika nchi isiyo na udongo. Chini palitandazwa mifuko iliyoshikamana tabaka juu ya tabaka, laini kama ngozi ya mnyama aliye hai, na kila nilipokanyaga ilishusha pumzi. Miti ilizaa vizibo vya chupa, mito ilikuwa imejaa na haikwenda popote, na upepo ulipovuma nchi nzima ilichakarisha kama kanisa zima linalofunua vitabu kwa pamoja. Akanijia mwanamke mrefu mwenye beseni la maji kichwani, asimwage hata tone. "Naitwa Upambanuzi," akasema. "Mimi hutembea polepole. Mwenye haraka ana mwenyeji mwingine huku." Nikamwambia nina haraka, kwa kuwa kesho nahukumiwa. "Basi tembea polepole zaidi," akanijibu, nikamfuata.

Tulipanda kilima ambacho hakikuwa kilima bali shimo la taka lililojaa hadi likawa mlima, na chini yake moto ulikuwa unafuka bila kukoma. Juu yake alikaa Mzee Mazoea, mnene, mpole wa sauti, amezungukwa na watu waliopiga soga ndani ya moshi mweusi bila hata mmoja kufikicha jicho. Miguuni pake binti yake Dhihaka alijipepea kwa kipande cha ndoo. "Karibu, mwanangu," akasema Mazoea, na sauti yake ilinifunika kama blanketi. "Hapa hatuna maneno mengi. Kitu kikichakaa kitupe shimoni, jioni kiwashe moto, nenda kale. Baba zako walifanya hivyo."

"Baba zangu hawakuwa na plastiki," nikasema.

Dhihaka akaruka kwa kicheko. "Jamani, sikieni! Kaishia darasa la saba, leo anaufundisha moshi pa kupita!" Watu wakacheka hadi mlima ukatikisika. Mazoea akainua mkono wakanyamaza. "Livunje pipa lako tu," akaniambia, "na kesho kila mlango utakusalimu." Sitaficha: nilitamani. Ninaishi peke yangu, na salamu za majirani ni sehemu ya chakula changu. Lakini moshi wa shimo lake ulinipita usoni, mzito kuliko wangu na wa kila siku, nikasikia kitu kikisimama kifuani. "Mzee, moshi huu wenu, nani aliwahi kuuitia mkutano?" Nikamkazia macho. "Sitainama, basi. Kama ni kosa kutafuta njia nyingine, hilo kosa ni langu na ninalitaka."

Niligeuka kuondoka kwa kishindo, na Upambanuzi akanishika mkono. "Umesema kweli. Sasa njoo uone kile ambacho hukukisema." Akanishusha hadi kwenye kibanda kimoja, ambamo mtu aliyeitwa Pupa alikuwa anajaza chungu kikubwa kwa mikono miwili, mifuko, chupa, mabomba, akipaza sauti, "Yote ni plastiki! Tia! Tia!" Chungu kikatapika moshi wa kijivu, na mbali watu wakaanza kulia. "Wewe, utaua watu!" nikamkemea. Akageuka. Aproni yake ilikuwa yangu, na uso ulikuwa wangu.

Niliinua ngumi. "Usimpige," akasema Upambanuzi, akitua beseni. "Mpe kazi." Akatia majini kipande cha mfuko, kikaelea. Akatia kizibo, kikaelea. Akatia kipande cha bomba la maji, kikazama kama jiwe. "Kinachozama si adui yako, ila hakipikwi pamoja na hivi. Ukaidi usiopima ni huyu Pupa aliyebadili nguo tu. Pima kwanza. Kisha Mazoea akikuita uiname, mkatalie ukiwa wima." Kutoka mlimani Dhihaka akapiga kelele, "Mwoneni fundi wa beseni!" Jina hilo lilinipendeza kiasi kwamba nikacheka, na kicheko kikaniamsha.

"Unacheka na nani, Da' Atu?" Mama Lusekelo alikuwa ukutani. "Pipa limekupanda kichwani?"

Nikahesabu nyuma. Mara tatu za kwanza nilipika mifuko mitupu. Asubuhi ile gunia halikujaa, nikajazia vipande vya mabomba ya zamani alivyonipa fundi bomba. Sikupima kitu. Nikaleta beseni la maji ukutani, nikatia kipande cha mfuko na kipande cha bomba mbele ya macho yake: cha mfuko kikaelea, cha bomba kikazama. "Maboga yako niliyaunguza mimi, mama yangu. Nisamehe. Nitakupandia mengine, na leo chuma mboga kwangu."

"Nitachuma nyingi," akasema, macho bado majini. "Kwa hiyo kesho unabomoa?"

"Sibomoi."

"Wewe mwanamke! Mzee Ambakisye atakasirika."

"Akasirike huku anatazama beseni. Nawe jioni ukiwasha shimo lako la taka, mwite balozi na hapo."

"Usinianze," akasema, lakini hakuondoka ukutani.

Nilikaza nati zote, kisha nikaanza kazi ambayo ilipaswa kutangulia. Kila kitu nilikikata kipande, nikakitia majini: kilichoelea kulia, kilichozama kushoto. Chupa za maji zilizama, vizibo vyake vikaelea, nikaandika. Jua lilipokuwa linatua Mzee Ambakisye akasimama mlangoni.

"Naona limesimama."

"Limesimama, mzee. Na kesho litakuwa hapa hapa, nami mbele yake, na kosa langu nitalisema kabla sijaulizwa."

"Mimi nimeshakwambia."

"Nimesikia."

Alitazama vipande vikielea kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, akaenda zake. Kati ya magunia yangu matano ya plastiki nilikuwa nimemaliza mawili. Yale matatu niliyafunga midomo kwa kamba, niyaanze alfajiri, kabla watu hawajafika.